Tumepelekwa Semina ya Kucheza

Hebu nielezeni nyinyi watu wa Amu, Lamu yetu hii, maana mimi akili imegoma. Ofisi imefungwa siku nzima, wateja wamerudishwa, wafanyakazi tumepakiwa mashuani mpaka Shela, kisa? Tukafundishwe kucheza.

Watu wazima, jamani! Mwenzetu mmoja ana wajukuu, mwingine husalisha tarawehe mtaani kwao. Mkufunzi katoka Nairobi, kashuka Manda kwa ndege, suruali imembana hata unamwonea huruma akikaa. Kila kundi likapewa spageti mbichi 20, utepe wa gundi, uzi, na peremende moja nyeupe, laini kama pamba. Dakika 18, jengeni mnara usimame wenyewe, peremende ikae kileleni.

Bi mkubwa wa masjala akazitazama zile spageti. "Baba, hizi baadaye zapikwa?" Akaambiwa hapana. "Astaghfirullahi." Akachomoa kadhaa akazitia mkobani.

Mkufunzi akatueleza kuwa mchezo huo ulibuniwa na Peter Skillman, kisha Tom Wujec akautangaza duniani mwaka 2010, na kwamba watoto wa chekechea huwashinda wanafunzi wa shahada za biashara. Wasomi hupanga, hugombea ukubwa, peremende wanaikumbuka mwishoni, wakiiweka tu mnara chini. Watoto huanza na peremende yao, ikianguka wanajenga tena.

Hapo nilimwamini, maana kundi letu nusu ya muda ilikwisha tukichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mweka hazina wa spageti! Mnara ulipoanza kuinuka, paka akaruka mezani, akaondoka na peremende. Mkufunzi akapiga makofi, ati hilo nalo ni funzo.

Sasa kilichoniuma si paka. Sisi hucheza bao barazani nje ya ofisi, saa ya chakula, saa yetu wenyewe. Mkuu wetu alitukuta akatuandikia barua ya onyo: uvivu kazini. Bao! Mashimo 32, kete 64, mtu unabeba hesabu yote kichwani, unatafuta mtaji wako, yaani nafasi ya kula kete za mwenzako, huku ukichunga nyumba yako, lile shimo kuu, isiliwe, unajua kete zitalala wapi kabla hujaanza kutembeza. Kalamu huna, kikokotoo huna. Huo ni uvivu. Kubandika spageti kwa gundi ndiyo maendeleo ya watumishi, tena kwa posho.

Turudi seminani. Mkufunzi akaandika ukutani jina la Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeshikilia kwamba mtu mzima hujifunza kutokana na yale aliyokwisha kuyapitia maishani, na hutaka kwanza kujua kwa nini anafunzwa jambo. Nikanyoosha mkono: haya, kwa nini? Akasema swali zuri sana, twendeni tukanywe chai. Chai ilikuja na mahamri ya moto. Kwenye mahamri sina neno.

Jioni tukarudi mjini, mkufunzi akataka kuiona ngome. Pale mbele yake, uwanjani Mkunguni, wazee wako kwenye bao lao kama kawaida. Akasema naye ajaribu, kwani si mchezo tu? Mzee mmoja akamfunga kete zingali mkononi, huku anaongea na mtu mwingine habari za bei ya samaki, hata ubaoni hatazami. Kijana akatokwa jasho. Akatoa simu, akapiga picha ubao, akapiga picha vidole vya mzee, akaanza kuandika.

Juzi tangazo limebandikwa ofisini, lina saini ya mkuu yule yule: mwezi ujao semina nyingine, "Bao na Mbinu za Uongozi", mkufunzi ni yule yule, tiketi ya ndege juu ya ofisi. Mzee wa Mkunguni amenishika njiani, auliza, "Mwanangu, na mimi fungu langu liko wapi?" Nimemwambia alete barua ya maombi, nakala tatu, na cheti cha shule.