Mamluki kwenye ligi ya mbuzi: mtoto wa kijiji ni nani?

Masika yakiisha na ufuta ukianza kuvunwa, viwanja vya mpira vya vijiji vya Lindi na Mtwara vinachangamka. Msimu wenyewe ni mfupi, tangu Juni hivi hadi korosho zitakapoanza kudondoka na kila mtu kurudi shambani. Zawadi ni mbuzi, mwaka wa neema ng'ombe. Kando ya mstari wamekaa wazee waliowahi kuvaa jezi ya timu hiyohiyo, wakiwafokea watoto wao. Siku nyingine hupigwa mechi ya waliooa na makapera, baba upande huu na mwanawe upande ule.

Ubishi wa siku hizi ni mamluki: mchezaji anayeletwa na bodaboda siku ya mechi, akalipwa chake, jioni akaondoka.

Wanaowatetea wana hoja. Mpira mzuri hujaza uwanja, na beki wa kijijini hukomaa kwa kumkaba mtu aliyemzidi. Hutaja klabu ya Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 ikiwa na wachezaji kutoka nje ya mkoa na hata nje ya nchi, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, kisha hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ni fahari ya kusini yote, hasa kwa kuwa Ndanda ya Mtwara ilishuka daraja msimu huohuo.

Lakini Namungo ni klabu ya Ligi Kuu. Kusajili popote ndiyo kazi yake. Timu ya kijiji inaishi kwa michango ya watu waliouza ufuta. Kijana aliyefanya mazoezi tangu uwanja ukiwa tope akiwekwa benchi kumpisha mgeni, baba yake naye hukaa nyumbani, na mchango wake hukaa naye. Timu inabaki mikononi mwa mfadhili, mara nyingi mwenye hamu ya kura, na uchaguzi ukipita hata mipira haipatikani. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko mbuzi.

Hata hivyo, kuwapiga marufuku wote wasioishi kijijini ni kosa. Kusini tuna watoto wengi Mbagala, Dar es Salaam, waliozaliwa huko na wanaokuja likizo kwa bibi. Kwa kanuni ya makazi, hao nao ni mamluki. Kwa desturi za Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya mpwa wake. Kijana ambaye mama yake katoka kijijini hapo ni mwenyeji kamili, hata kama hajui njia ya kisimani. Akicheza, mjomba anakuja uwanjani, bibi anauliza matokeo, na yeye mwenyewe anawajua ndugu ambao angewasikia kwa simu tu.

Kwa hiyo fomu ya usajili iulize jina la mama na kijiji chake, na mjomba athibitishe mbele ya kamati. Kijiji chenye wajukuu wengi mjini kitafaidika kuliko chenye wachache, hilo halina ubishi. Basi wanaotoka mjini wasizidi watatu kwa mechi, na nafasi nane zilizobaki ziwe za wanaolala kijijini.