Huyu ni wa Kufundishia

Ile voisi nimeshatumiwa na watu sita, akiwemo shangazi yangu wa Singida. Mwenzangu mmoja wa intani (namjua, na lile deni langu la chipsi alisahau kabisa) anasema humo nilidondosha mtoto koridoni. Sikudondosha mtoto. Nilidondosha mdoli. Haya, kaeni niwaeleze mwenyewe, aibu ingali mbichi.

Leba kwetu, Jumanne asubuhi ripoti ya zamu ikiisha, kama hakuna mama anayesukuma, tunafanya dakika kumi za mazoezi ya kumsaidia kichanga apumue. Inchaji wetu hana mchezo na dakika hizo. Ukinung'unika atakusomea habari ya Haydom, hospitali ya kule Manyara: watu walifundishwa siku moja, mtihani wakafaulu, wakarudi wodini wakafanya yale yale. Waliposhikishwa mdoli dakika chache, mara kwa mara, ndipo vifo vya vichanga vikapungua. Basi unanyamaza, unashika mdoli.

Jumanne hiyo mwalimu nilikuwa mimi, na usiku nilikuwa nimelala kwa saa mbili tu. Mdoli wetu ni yule wa kujazwa maji ya uvuguvugu, kama lita mbili, ili awe mzito na alegee kama kichanga wa kweli. Nikamjazia kwenye sinki la stoo huku nakariri somo: mkaushe, msugue mgongo, dakika moja isiishe hajapumua nawe hujaanza kumpa hewa, pumzi 40 kwa dakika. Somo lilikaa sawasawa kichwani. Kizibo nilikizungusha nusu.

Kutoka stoo kwenda leba lazima upite kwenye benchi la ndugu. Mnalijua: mabeseni, chupa za uji, khanga zilizokunjwa, na macho.

Hapa naomba twende polepole, maana mimi kila nikifumba macho naiona polepole.

Mkono wa kulia nimeshika ambu, ule mfuko wa kumpa kichanga hewa. Wa kushoto nimemshika mdoli. Mguu. Mmoja. Kichwa chini, anabembea kama kuku wa sikukuu. Maji yanamtiririka mgongoni, tone, tone, hadi sakafuni, nami wala sina habari.

Benchi likanyamaza. Kijiko cha mtu kikaangukia kwenye beseni. Bibi mmoja akasimama, khanga ikimteleza begani, akauliza kwa sauti ndogo mno:

“Mwanangu, huyo mtoto wa nani?”

Mtu mwenye akili zake angejibu “mdoli, bibi.” Yaani neno lenyewe ni moja! Mimi nikatoa lile tabasamu la kumtuliza mgonjwa, nikasema:

“Shikamoo bibi. Usiwe na wasiwasi, huyu ni wa kufundishia.”

(Ndiyo, nilianza na shikamoo. Nimelelewa vizuri. Na nyie mnaocheka, nawaona.)

Yowe lililopigwa hapo lilifika mpaka famasi. Nikashtuka, kizibo kikafyatuka, maji yakanijaa viatuni, mdoli akaniponyoka. Akatua kwa kisogo. Pwaa! Akadunda kidogo, akatulia, macho yake ya rangi yakinitazama.

Kabla sijainama, bibi alishamnyakua. Akamkausha chapchap, khanga iliyolowa akaitupa pembeni, akamfunika kavu, akaanza kumsugua mgongo huku akinilaani kwa kilugha. Ndugu zangu, ni hatua zile zile! Kwa mpangilio ule ule niliokuwa naenda kuufundisha! Alipomgeuza ampangusie makalio ndipo akakutana na tundu la maji. Akalitazama. Akanitazama mimi. Akalitazama tena.

Inchaji alikuwa mlangoni, macho kwenye saa.

“Sekunde 35. Bibi amefaulu. Wewe dokta, kakae na wanafunzi.”

Yaliyofuata si ya kusimulia. Nilipiga deki. Mazoezi yakafanyika na mdoli nusu mtupu, akifundisha mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, na alifundisha vizuri, bahati mbaya.

Bintiye bibi alijifungua siku hiyo hiyo, saa saba mchana, mtoto akalia mwenyewe bila msaada wa mtu. Kesho yake nikapita kuwapa hongera, nikanyoosha mikono nimpakate. Bibi akamhamishia mjukuu bega la pili, upande wa ukutani.

“Huyu si wa kufundishia.”