Panya wa Leeds na gundi ya dada yangu

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi inakata masikio, mimi mtoto wa Tandahimba, kusini mwa Tanzania, nilikuwa barabarani Leeds, Uingereza, nimevaa koti la kufika magotini, nimebeba panya. Yuko ndani ya kijisanduku cha plastiki, nimemshika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sinia la pilau. Kwenye vichaka kando ya reli nikafungua kimlango. Akakaa tu, masharubu yanatetemeka. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Nenda basi." Akaenda.

Kosa langu ni kwamba nilirekodi, nikairusha kwenye grupu la ukoo.

Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba, na kwetu mjomba akisema kasema: "Mpwa wangu, umetupa kitoweo." Binamu akadakia kwamba yule hata mshikaki mmoja hatoshi. Nilicheka. Mtu wa kusini usipoweza kucheka utani wa samaki nchanga, yaani panya wa kuliwa, utaishi na nani? Ila baada ya vicheko yakaja yale mengine. Miaka sita tu keshakuwa mzungu. Anahurumia panya, sisi wametumalizia karanga za mbegu.

Haya, twende taratibu.

Mimi sikuanza na huruma. Nilipoona vinyesi nyuma ya jiko, vidogo kama punje za mchele mweusi, nilikwenda moja kwa moja dukani kuulizia gundi ya panya, ile ya kufungua kama daftari. Muuzaji akaniangalia kana kwamba nimeomba gobole. Kumbe huku England raia wa kawaida haruhusiwi kutega gundi ya panya tangu 31 Julai 2024. Ukikutwa nayo umetega ni faini, au hata jela. Nikatoka nimenuna. Kodi ya nyumba inameza nusu ya mshahara, dari linavuja, wakala wa mwenye nyumba hapokei simu, lakini panya ana wakili!

Kile kisanduku aliniazima jirani, bibi mmoja mjane. Akanielekeza: weka siagi ya karanga kidogo kwa ndani, kague kila baada ya saa chache, maana panya akifungiwa usiku kucha bila maji anaweza kufa humohumo. Halafu chukua waya wa kusugulia sufuria uzibe kila tundu, hata la upana wa kalamu, kipanya kinapita. Hilo la waya ndilo lenye akili. Tangu nizibe sijasikia mkwaruzo. La kisanduku, niseme ukweli, lina unafiki ndani yake. Panya aliyezoea joto la jikoni ukimtupa kichakani kwenye baridi ile, umempeleka akafie mbali na macho yako.

Kwa hiyo sijamwambia mtu yeyote Tandahimba awapeleke panya matembezini. Nimekulia nyumba ambayo mahindi ya mbegu yananing'inizwa juu ya moshi wa jiko na bado asubuhi unakuta magunzi. Nimeng'atwa kisigino huku napulizwa kama ninyi nyote. Ninachobishia ni gundi tu.

Likizo iliyopita nilifikia kwa dada, Mtwara mjini. Pale kila jioni anapita kijana na spika yake, dawa ya panya, mende, kunguni, na dada aliachana nayo baada ya panya mmoja kufia darini na kuku wawili kufia uani. Akahamia kwenye gundi. Usiku wa pili nikasikia mlio chini ya friji. Haukuwa mkubwa. Mwembamba, unakatika, unaanza tena, mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikavuta kile kibao. Panya amelala ubavu, manyoya ya shavu yamebaki kwenye gundi, mguu wa nyuma ameutafuna mwenyewe. Pembeni yake mjusi kafiri, mzima, koo linapwita. Mtoto wa dada akakikunja kibao akaenda kukitupa shimoni, mlio ungali ndani.

Mimi nikanywa chai. Sikusema neno, na hilo nalo mliandike.

Sasa mnieleze, gundi ni mila ya nani? Marehemu babu alitega panya maisha yake yote kwa ufito na kitanzi. Ufito ukifyatuka, shingo imekwisha. Mtoto aliyemfunga panya mzima kamba akawa anamburuta kwa kucheza, alikula kofi. Babu hakuwahi kufika hata Dar es Salaam. Mnaosema huruma nimeokota kwa wazungu mnamdhulumu mzee wangu, kwa sababu iliyokuja na boksi kutoka nje ni hiyo gundi. (Wale wanaochoma pori zima kuwatoa panya mpaka mikorosho ya watu inateketea, hao siwatetei.)

Na wazungu nao wasijione. Wamepiga marufuku juzi tu, wakati panya wetu walishawapita zamani. Magawa, panya buku aliyefunzwa Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, mwaka 2020 alivishwa medali ya dhahabu na shirika la kutibu wanyama la hapahapa Uingereza, kwa kunusa mabomu ya ardhini kule Kambodia. Wenzake walifanya kazi hiyohiyo Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, hadi nchi ikatangazwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015. Nilimwonyesha yule bibi picha ya Magawa na medali yake, kifua mbele kama namwonyesha mwanangu siku ya mahafali. Akaniuliza, kumbe kwenu mnawapenda sana panya?

Nikamwambia sana. Sikufafanua.

Jana nikampigia dada. Nikamwambia anunue mitego ya chuma, ile ya springi, inaua papo hapo na mmoja unatumika miaka, halafu azibe matundu kwa waya. Akanisikiliza vizuri, hata hakucheka.

"Basi tuma hela ya mitego."

Nikatuma. Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia: "Kaka, hujaweka ya kutolea."