Uzito uko kwenye sauti, si kwenye giza
Kuna makala niliyosoma inayosema kinachomlemea mtazamaji katika tamthilia za kisaikolojia kuhusu umama, hasa hizi za watayarishaji huru wenye bajeti ndogo, ni giza la picha. Sikubali. Giza ni rahisi, tena likikosewa picha hujaa chenga. Heri kurekodi kwa mwanga wa kutosha kisha kuufifisha wakati wa kusahihisha rangi. Kazi kubwa hufanywa na sauti. Kilio cha mtoto mchanga kina nguvu hata kwenye masafa ya karibu hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), pale pale sikio la binadamu linaposikia vyema zaidi, kwa hiyo hakihitaji kuongezwa sauti. Fundi mzuri hukipunguzia masafa ya juu kisikike kama kinatoka nyuma ya ukuta, hukiacha kiendelee chini ya mazungumzo, halafu hukikata ghafla. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha ukimya mtupu, mtazamaji anadhani spika imekufa. Kila chumba kirekodiwe kikiwa kimya, sekunde 30 hadi 60, sauti hiyo ijaze pengo. Na mtoto mwenyewe? Kwa sheria za California, wa chini ya miezi 6 hafanyi kazi zaidi ya dakika 20 kwa siku, ndiyo maana hutafutwa mapacha wapokezane, au mwanasesere. Mwanasesere asipotiwa uzito wa kilo 3 au 4, mikono ya mwigizaji wa mama humsaliti: anainuka kitini bila hata kumshika "mtoto" shingo. Nyinyi mnaotazama kwenye simu bila spika za masikioni, kilio hicho cha chini mnakisikia kweli?