Afande kastaafu, ila kila asubuhi yuko getini kwa mwanangu

Naishi Florida mwaka wa tisa sasa, na kila asubuhi nikimshusha binti yangu shule tunapokelewa na afande mmoja mzee, bastola kiunoni, goti moja bovu, anashuka ngazi kiubavubavu kama kabeba ndoo ya maji kichwani. Siku moja nikamuuliza, mzee, si ulisema umestaafu? Akacheka. Kastaafu kweli, pensheni anakula na mshahara wa shule anakula.

Wabongo wenzangu mnaolia na kikokotoo cha pensheni kaeni chini kwanza. Polisi huku kwenye mfuko wa pensheni wa jimbo yuko kundi la kazi za hatari, kila mwaka wa kazi anahesabiwa asilimia 3 ya wastani wa mshahara wake, kwahiyo miaka 25 ni asilimia 75, na akifikisha hiyo 25 anaondoka hata kama bado kijana (walioingia kuanzia Julai 2011 waliwekewa 30, mwaka 2023 ikarudishwa 25). Aliyeanza na miaka 22 anatoka na 47!

Sasa yalipotokea mauaji ya risasi kwenye shule ya sekondari ya Parkland, hukuhuku Florida, Februari 2018, watu 17, jimbo likaagiza kila shule ya umma iwe na mlinzi mwenye silaha. Watatoka wapi wote hao? Ndo wastaafu wakaonekana lulu, ila akishastaafu lazima mtu akae nje ya kazi miezi 6 kwanza. Jimbo la New Jersey walishatangulia, sheria yao ya 2016 ilimruhusu mstaafu wa chini ya miaka 65 alinde shule na pensheni yake isiguswe.

Wanaolalamika eti wanakula mara mbili mimi siwaelewi, ile pensheni si alishaitolea jasho? Kinachonikera ni kwamba masharti ya kustaafu yanahesabu miaka na miezi tu, goti halimo. Afande wa zamu Parkland alikuwa na utumishi wa miaka zaidi ya 30 na alibaki nje risasi zikilia, sawa, mahakama ilimwachia huru 2023, lakini mimi mzazi hiyo miaka 30 imenisaidia nini? Wangewapima kwa kuwakimbiza mbio kila Agosti shule zikifunguliwa, kwenye korido zilezile na ngazi zilezile, anayeshindwa abaki getini.

Huyu wetu anajua majina ya watoto wote, hata la binti yangu ambalo mwalimu wake lilimshinda mwezi mzima. Simtaki aondoke jamani. Nataka tu mtu aje amwangalie akipanda zile ngazi.