Shingo na Mikono Inayouma: Tuikague Kazi Kabla ya Kukimbilia Dawa

Hapa Mwanza mtu akiamka na shingo iliyokaza au mkono uliokufa ganzi huwa na njia moja aliyoizoea. Hutuma mtoto duka la dawa akamletee diklofenaki na tyubu ya dawa ya kuchua, humeza, huchua, kisha hurudi kwenye kazi ile ile iliyomuumiza, akiinama vile vile alivyoinama jana. Kwa maoni yangu utaratibu huo umeanzia mwisho. Maumivu mengi ya shingo na mikono yanayotusumbua majumbani hutokana na namna tunavyoinama, tunavyobeba na tunavyolala, na hayo yasipobadilika, dawa hutuliza kwa siku mbili tatu tu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na kinapokaa wima juu ya mabega, shingo hukibeba bila taabu. Kikiinama, misuli ya kisogoni hulazimika kukivuta muda wote kisianguke mbele. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa nchini Marekani, alikokotoa kuwa shingo iliyoinama kwa nyuzi 60 huelemewa na mzigo wa karibu kilo 27. Hayo ni makadirio ya hesabu tu, hayakupimwa ndani ya shingo ya mtu aliye hai, lakini fundi cherehani yeyote anayeshinda ameinamia sindano atakuambia kwamba mwelekeo wake ni wa kweli.

Hesabu hiyo hutumiwa sana kuwakemea vijana wanaoinamia simu, ilhali mimi huwafikiria zaidi akina mama wanaoanika dagaa kwenye mialo ya Ilemela na visiwani Ukerewe, wanaogeuza dagaa wakiwa wameinama mwili mzima kwa saa nyingi huku kichwa kikining'inia. Wataalamu wa uvuvi wamekuwa wakihimiza dagaa waanikwe juu ya vichanja badala ya mchangani, na sababu zinazotajwa ni usafi na bei nzuri. Ningeongeza shingo na kiuno, kwa kuwa kichanja kinachofika usawa wa kiuno humwezesha mwanikaji kugeuza dagaa akiwa amesimama wima. Kanuni hiyo hiyo inafaa nyumbani: ungo wa mchele uwekwe mezani, na beseni la nguo lipandishwe juu ya stuli au jiwe, na mawe ni kitu ambacho Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Kwa wanaopandisha maji vilimani Igogo na Mabatini, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili za shingo, na ikiwezekana mtu mwenye shingo inayouma asiibebe kabisa mpaka apate nafuu. Vijana wa nyumbani wapo.

Shingo iliyokaza tayari ikandwe kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika, kwa dakika 15 au 20, kisha mtu aigeuze polepole kulia na kushoto mpaka inapofika bila kulazimisha. Kulala kitandani kutwa hakusaidii, kwani shingo isiyosogezwa huzidi kukaza. Usiku mto mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na kichwa unatosha, na kulala kifudifudi kuachwe.

Jambo moja nalipinga waziwazi. Katika baadhi ya saluni za kiume, baada ya kunyoa, kinyozi humkanda mteja mabega, kisha humshika kidevu na kisogo na kuzungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Wapo wanaokwenda saluni kwa ajili ya mlio huo. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayoelekea sehemu ya nyuma ya ubongo, na ukuta wa mshipa mmojawapo ukichanika kwa kuzungushwa kwa nguvu, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Nakubali kwamba hutokea kwa nadra, ila sioni kwa nini mtu auweke ubongo wake rehani kwa starehe ya sekunde moja. Kinyozi akande mabega, alipwe na ashukuriwe, lakini kichwa akiache.

Ganzi ya mkono inataka uchunguzi zaidi. Wengi huambiwa kwamba damu haitembei, wakati mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na vidole vyenyewe hueleza umebanwa wapi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayomwamsha mtu usiku akakung'uta mkono ndipo apate nafuu, kwa kawaida hutoka kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa ni kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, tatizo mara nyingi liko kwenye kiwiko, hasa kwa anayelala amekikunja. Maumivu yanayoshuka kutoka shingoni kupitia bega, na kuzidi mtu anapotazama juu, chanzo chake huwa shingo, hata kama mkono ndio unaolalamika.

Kwa ganzi ya kifundo, dawa ninayoiamini haimezwi. Chukua rula ya plastiki, izungushie kitambaa laini, ilaze upande wa ndani kuanzia katikati ya kiganja hadi katikati ya kigasha, kisha funga kwa bandeji, kifundo kikiwa kimenyooka na vidole vikiwa huru. Vidole vikivimba au kubadilika rangi, umekaza mno, legeza. Mtu alale hivyo kila usiku kwa wiki sita hivi. Wajawazito hupatwa sana na ganzi hii, na kwa wengi huondoka baada ya kujifungua. Asiye mjamzito ambaye ganzi inamrudia apime na sukari. Mchana, blanketi lining'inizwe lichuruzike badala ya kukamuliwa kwa kusokotwa, na anayekata minofu ya sangara anoe kisu mara kwa mara, kwa kuwa kisu butu hukidai kifundo nguvu za ziada.

Sisemi dawa zitupwe. Parasetamoli ina nafasi yake, mradi mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki ya kumeza ndiyo ninayoihofia inapogeuzwa kuwa ya kila siku: inaweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, kupandisha presha na kuumiza figo, na anayeichanganya na ibuprofeni hujiongezea madhara yale yale. Ile ya kupaka huingia mwilini kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuna hali ambazo rula na maji ya moto havihusiki nazo kabisa. Maumivu ya kifua yanayotambaa hadi mkono wa kushoto au taya, shingo iliyokakamaa pamoja na homa kali, mkono unaodondosha vitu, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kutozuilika, na maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kwenye bodaboda, yote hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Sekou Toure, Bugando au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa maumivu ya kawaida yasiyopungua baada ya wiki kadhaa, mgonjwa aonwe pia, na amweleze daktari kazi anayofanya kutwa, namna anavyolala na vidole vinavyokufa ganzi. Maelezo hayo husaidia kuliko eksirei peke yake, ambayo kwa watu wengi waliopita miaka 40 huonyesha pingili zilizochakaa hata kwa asiyeumwa chochote.