Msiniharibie Oktoba

Tuna jamaa yetu hapa Minnesota, Marekani, mtu mwema, mcheshi, wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka kwenye harusi. Ana ugonjwa mmoja tu. Ikifika wiki ya pili ya Septemba, jua linawaka, watoto bado wanaendesha baiskeli na kaptula, yeye anaanza: "Haya jamani, baridi hiyoo." Hasalimii tena, anatangaza. Na sisi tunamwitikia kama kwaya: "Ee bwana we, mwaka huu tutakoma."

Nimechoka na wimbo huu. Sisemi jamaa ni mwongo. Januari ya huku inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ukivuta pumzi unasikia pua inakamatana ndani. Theluji inaweza kuanza Novemba ikakaa hadi Machi, halafu ikarudi Aprili kuaga. Hiyo ni miezi mitano tuliyopangiwa. Lakini tukianza kulia Septemba tunaiongezea miwili ya bure, tena tukiwa na fulana mwilini. Na miwili hiyo ndiyo mitamu kuliko yote.

Redioni wanauita msimu huu mapukutiko. Wengine wanatafsiri vuli, na hapo ndipo ninapogoma. Mimi ni mtoto wa Muheza. Vuli naijua. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ni mahindi yaliyokwisha kupandwa yanasubiri, ni baba anatoka nje alfajiri kutazama wingu upande wa bahari na kurudi ndani bila kusema neno. Vuli inaweza kukunyima. Mapukutiko hayajawahi kumnyima mtu. Kila mwaka miti inageuka rangi, uwe na kibali cha kukaa au huna, uwe umelipa kodi ya nyumba au unadaiwa. Kuviita viwili hivi kwa jina moja ni kuwakosea wakulima wa kwetu.

Nilipofika mara ya kwanza nilidhani rangi ile ni ya kufa, kama jani la mgomba linavyokauka. Kumbe kuna kazi inafanyika. Mchana ukipungua, mti unaacha kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imefichwa chini yake tangu mwanzo wa kiangazi inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: hiyo mti unaitengeneza siku za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani wakati pale kikonyo kinaposhikana na tawi panaanza kuzibwa. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyo ya kugandisha huikoleza. Ndiyo maana mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, mwaka huu unawaka kama kaa la moto na mwaka ujao unakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Ninao mmoja mbele ya nyumba. Siku moja ya Oktoba nikampigia mama kwa video, nikageuza kamera aone. Mti mzima mwekundu, na chini yake zulia jekundu hadi barabarani. Akakaa kimya. Nikajua ameguswa.

"Shikamoo mama, unaona lakini?"

"Marahaba. Naona. Na nani anafagia?"

"Mimi, mama."

"Basi fagia leo, kabla ya mvua. Yakilowa hayo yatakuvunja mgongo."

Sikufagia. Mvua ikanyesha usiku kucha. Jumapili nikajaza mifuko ya karatasi saba, na wa saba ukapasuka kitako nikiwa hatua tatu kutoka ukingo wa barabara. Lakini hata katika kukusanya majani kuna raha yake, ile harufu ya udongo na jani lililoanza kuoza, mikono imepoa na mgongo una joto. Nikimaliza, chai. Hapa niseme jambo moja kuhusu chai ya tangawizi: Julai huku unainywa kwa mazoea tu, unatoka jasho na kujiuliza kwa nini. Oktoba inarudi kuwa chai. Unakishika kikombe kwa mikono miwili kabla hujaonja.

Blanketi, vilevile. Na siku ya kwanza ya kuwasha hita, ile harufu ya vumbi la miezi mitano linaloungua, dakika kumi tu halafu basi hadi mwakani. Mke wangu anafungua madirisha. Mimi naifuata hadi kwenye tundu linalotoa hewa.

Tufaha nalo ni la msimu huu, au epo kama tulivyozoea kusema dukani. Huku familia zinakwenda shambani, unalipia mfuko, kisha unachuma mwenyewe. Kwa sisi wa Muheza tuliokimbizwa na wenye michungwa yao, kulipa ili uruhusiwe kufanya ulichokuwa ukichapiwa fimbo ni kichekesho kikubwa. Tunda lenyewe linalogombewa ni Honeycrisp, mtoto wa hapahapa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza uzalishaji wake mwaka 1960 na kulitoa kwa wakulima mwaka 1991, na katikati hapo lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha ya mimea ya kutupwa kabla mmoja wao hajaamua kulipa nafasi ya pili. Mwaka 2006 likafanywa tunda rasmi la jimbo. Usilikate kwa kisu. Ling'ate umesimama chini ya mti, asubuhi, likiwa na baridi ya usiku ndani yake. Linapasuka hata mwenzako wa mstari wa pili anasikia, na maji yanakushuka hadi kwenye kiwiko.

Mwaka huohuo wa 1991 ndio wa hadithi ya jirani yangu, mzee ambaye babu zake walitoka Norwe. Kila Oktoba ananisimulia upya, nami nasikiliza upya. Tarehe 31, jioni ambayo watoto wa Kimarekani huvaa mavazi ya vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, theluji ilianza. Haikukoma hadi tarehe 3 Novemba, Minneapolis ikafunikwa na zaidi ya sentimita 70. Kinachonivutia ni namna anavyoisimulia. Anacheka. Anakumbuka binti yake aliyevaa mabawa ya kipepeo juu ya koti la baridi, ameshikilia ndoo ya pipi, amezama hadi magotini na hataki kurudi nyumbani. Jamaa yetu angeisimulia theluji hiyo kama msiba.

Lakini kama nitachagua kitu kimoja tu cha Oktoba, nitachagua soko la wakulima la St. Paul, Jumamosi asubuhi, meza za Wahmong.

Wahmong ni watu wa milima ya Laos waliokimbilia huku baada ya vita vya kwao kumalizika mwaka 1975, na ndio walioshika sehemu kubwa ya meza za soko lile. Miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa napita tu, nanunua nyanya na kuondoka. Mwaka wa tatu nikaona kwenye meza ya mama mmoja mzee kitu nilichokiona mara ya mwisho kwenye sinia la mama yangu: msusa. Majani ya maboga, machanga, na vile vikamba vyake vilivyojikunja, yamefungwa mafungu kwa uzi. Nikasimama kama niliyeitwa jina. Yule mama akaniangalia, akaona sijui Kihmong naye Kiingereza chake kifupi, akachukua jani moja, akavunja kikonyo kwa kucha na kuvuta zile nyuzi chini, zikatoka zote kama soksi. Akanionyesha: hivi. Mama, nayajua haya! Nikachukua jani langu, nikavuta nyuzi zangu. Akacheka hadi akashika meza.

Tangu hapo ni mteja wake. Jalidi ya kwanza, ule umande ulioganda, ikianguka, kwa kawaida kabla Oktoba haijaisha, majani yote ya maboga shambani yanakuwa meusi usiku mmoja, na Jumamosi inayofuata naenda namkuta ameinua mikono: hakuna. Ndiyo maana Septemba sina muda wa kuzungumzia Januari. Nina msusa wa kula.

Na boga lenyewe. Hapa nina ugomvi na wenyeji. Wanalinunua kubwa la rangi ya chungwa, wanalitoboa macho na meno, wanaweka mshumaa ndani, na kufikia Novemba limelala kibarazani linaliwa na kindi. Mara ya kwanza niliumia roho, nikaomba moja kwa jirani ambalo alikuwa hajalichonga, nikalipika. Lilikuwa maji matupu, halina utamu, likavurugika sufuriani. Nikakubali yaishe: lile si chakula, ni pambo, wawaachie kindi. La kupika ni kabocha, lile dogo la kijani kibichi lenye ganda gumu kama ubao. Unalikata vipande na ganda lake, unalipanga, chumvi kidogo, sukari, iliki, tui jepesi. Funika, moto mdogo, usilikoroge. Likishaiva unamwagia tui zito na kulitikisa sufuria kwa mashikio. Nyumba yote inanuka Ramadhani.

Limebaki la saa. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma: ikifika saa nane usiku inakuwa saa saba tena. Mimi nililijua jambo hili kazini. Nilikuwa nahudumia wazee zamu ya usiku, kuingia saa tano, kutoka saa moja asubuhi. Usiku ule nikaona saa ya ukutani imegoma kusogea. Mwenzangu Mkisii akaniambia, "Ndugu yangu, leo tunafanya saa tisa. Andika tisa." Sikuandika, nikaona aibu, karatasi ya mshahara ikaja na nane. Akanishika mkono hadi ofisini, wakanilipa iliyobaki. Siku hizi nafanya kazi mchana, na saa ile naipokea kitandani, nimeamka bila sababu, natazama dari. Hakuna mtu duniani anayenidai hiyo saa.

Gharama yake nakiri. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili au karibu na hapo mwaka mzima, saa zenyewe tumezihesabu kwa jua. Huku Septemba na Oktoba mchana unapungua dakika tatu hivi kila siku, na saa zikisharudishwa giza linaingia saa kumi na moja jioni. Hapo saa ya Kiswahili inakosa maana, na mimi pia siku mbili tatu nakuwa mkimya. Kisha nawasha taa ya jikoni.

Wiki iliyopita tulikutana kwenye arubaini ya mtoto. Jamaa akaingia, hajavua hata viatu: "Haya jamani, baridi hiyoo." Kabla kwaya haijaitikia nikamwekea sahani mbele. Boga, vipande vinne, tui limeganda kidogo pembeni. Akaonja. Akanyamaza. Akala cha pili, cha tatu, akakwangua ganda la cha nne kwa kijiko hadi likabaki kijani tupu. Akaangalia kule jikoni.

"Shemeji," akamwita mke wangu kwa sauti ya chini, "limebaki?"